Miji ya Kale ya Pwani ya Kismayu na Visiwa vya Wabajuni: Ipi Yapasa Kuzuriwa?

Mtu atakaye kuizuru miji ya kale iliyopo baina ya Mogadishu na Ras Kiamboni yampasa kwanza ajue ya kuwa nchi hii ni nchi kavu. Nyuma ya ufuo huinuka vilima vya mchanga, na nyuma ya vilima ni nyika ya miiba ambayo mvua huijia misimu miwili kwa mwaka, na mwaka mwingine haiji kabisa. Mto Shebelle hushuka kutoka milima ya Uhabeshi ukielekea baharini, lakini unapoikaribia Mogadishu huzuiwa na vilima vile, ukageuka kusini ukaifuata pwani kwa mamia ya kilomita, na aghalabu ukafia katika mabwawa kabla ya kukutana na Mto Juba. Juba peke yake ndio ufikao baharini, karibu na Kismayu. Kwa hiyo miji ya pwani hii haikujengwa popote watu walipopenda. Ilijengwa penye kisima cha maji yanyweka, na penye mwamba au kisiwa cha kuyavunja mawimbi ili chombo kipate kutia nanga. Penye kimoja bila ya kingine hapakuwa na mji, au palikuwa na mji usiodumu.

Wazee wa Kibajuni hulieleza jina la Kismayu kwa maana hiyo hiyo, ya kwamba asili yake ni kisima iu, yaani kisima cha juu. Wako walielezao kwa namna nyingine, walakini maelezo ya wazee yanalingana na hali ya nchi, na msafiri aliyepata kiu katika njia ya Afmadow hatayabisha.

Kutoka Mogadishu hata Kismayu ni kiasi cha kilomita 500, na kutoka Kismayu hata Ras Kiamboni ni karibu 180 nyingine. Mwenye siku chache hawezi kuona kila kitu, basi hana budi kuchagua, na kuchagua ni kazi ngumu kuliko mwendo wenyewe.

Aliyechagua mbele ya wote, na khabari zake zikabaki, ni Ibn Battuta wa Tangier. Alifika Mogadishu katika mwaka wa 1331, sawa na 731 Hijria, akitokea Zeila. Zeila hakuipenda kabisa. Alilalamika kwa harufu ya samaki na ya damu ya ngamia waliochinjwa njiani, akaona heri alale chomboni ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka. (Mvuvi wa Chula akiisoma khabari hii hucheka.) Lakini Mogadishu ilimpendeza. Aeleza jinsi vijana walivyotoka kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimwendea mfanya biashara mmoja wa chomboni na kusema, huyu ni mgeni wangu. Alipojulikana kuwa ni mtu wa elimu alipelekwa kwa kadhi, Ibn al-Burhan, ambaye asili yake ni Misri, kisha kwa Sultani Abu Bakr bin Sheikh Omar, ambaye lugha yake ilikuwa ya wenyeji na Kiarabu akikijua. Alilishwa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za achari, na maembe. Akavishwa nguo kwa ajili ya Sala ya Ijumaa. Kisha akapanda chombo akaenda Mombasa na Kilwa.

Baina ya Mogadishu na Mombasa msafiri huyu hakutaja mji hata mmoja. Hakutaja Barawa wala kisiwa kimoja cha Wabajuni, na ilhali chombo chake hakikuwa na njia nyingine ila kupita mbele yake. Si ajabu: alikuwa akichukuliwa na pepo za kaskazi, na nahodha alikuwa na shehena ya kufikisha. Lakini wasomaji wa zama zilizofuata waliuchukua ukimya wake kuwa ni ushahidi, wakaandika kana kwamba baina ya miji miwili mikubwa palikuwa na mchanga mtupu. Hilo ndilo kosa la kuchagua miji kwa umaarufu wake.

Mogadishu haiwezekani kuachwa. Mnara wa msikiti wa Jamii wa Hamar Weyne una maandishi ya mwaka 636 Hijria, nao ni 1238, na msikiti wa Fakhr ad-Din ni wa 667, yaani 1269. Maana yake ni kuwa Ibn Battuta alipofika, misikiti hiyo ilikuwa imekwisha kupitiwa na vizazi viwili au vitatu vya waumini. Katika mwaka wa 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka Bara Hindi, aliupiga mji huu mizinga akapita. Mtaa wa Shangani, uliokuwa nusu ya pili ya mji wa kale, umeharibika sana kwa vita vilivyoanza 1991, na mwenye kwenda leo asitarajie kuyaona majumba yaliyomo katika picha za zamani. Aende Hamar Weyne, asali Fakhr ad-Din, na hiyo itamtosha.

Merka ni mji wa kale pia. Al-Idrisi aliutaja katika karne ya 12. Mwenye haraka aweza kuupita.

Barawa usipitwe. Wenyeji wenyewe huuita Mwiini, yaani mjini, kana kwamba mwengine haupo, na lugha yao, Chimwiini, ni ndugu ya Kiswahili aliyekaa peke yake kaskazini mwa wote. Mbajuni akikisikiliza huelewa neno, akapotewa na neno, kisha akaelewa tena. Mji huu hauna bandari ya kusifiwa. Una miamba na kisiwa kidogo kilichojengewa mnara, na wakati wa kusi haukaribiki. Hata hivyo vyombo vya Kichina vya zama za Ming vilifika hapa katika karne ya 15. Katika mwaka wa 1507 Wareno chini ya Tristão da Cunha waliuvamia, wakaupora na kuuteketeza kwa moto. Mji ukajengwa tena.

Lakini ukubwa wa Barawa si katika mawe. Hapa ndipo alipozaliwa Sheikh Uways bin Muhammad, katika 1847, aliyekwenda Baghdad kutafuta elimu, akarudi na tarika ya Kadiria akaieneza Banadir na Unguja, hata akauawa huko Biyoley katika 1909, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na hapa ndipo alipoishi Mana Sitti Habib Jamaladdin, ajulikanaye kwa Dada Masiti, aliyefariki 1919 akiwa mkongwe sana, naye alitunga tenzi za dini kwa Chimwiini ambazo wanawake wa mji walizihifadhi kwa moyo. Sheikh Qasim naye alitunga kwa lugha hiyo hiyo, ili asiyejua Kiarabu asikose kuijua dini yake. Mji ulioweza kuwa na maulamaa waume na wake, wakafundisha kwa lugha ya nyumbani, wastahili siku tatu za msafiri, na tena azitumie kwa kukaa na watu. Taabu ni kwamba baada ya 1991 watu wengi wa Barawa walitawanyika, wakakimbilia Mombasa na kisha Ulaya na Marekani, na Chimwiini sasa husikika katika miji ya Uingereza na Marekani kama isikikavyo Barawa.

Kismayu yenyewe ni mji wa makaratasi kuliko wa mawe. Historia yake iliyo wazi ni ya jana: katika 1875 Wamisri wa Khedive walishuka hapa chini ya McKillop Pasha, na baada ya Sayyid Barghash kushitaki kwa Waingereza waliondoka mwanzo wa 1876. Katika 1886 Mjerumani Jühlke aliuawa hapa. Kisha Waingereza wakauunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki, na katika 1925 wakaukabidhi kwa Wataliana pamoja na nchi yote ya ng'ambo ya Juba. Waingereza wakaurudia kwa vita Februari 1941. Msafiri asiutafute mji wa kale hapa. Autumie kuwa ni mahali pa kununua mchele, tende na mapipa ya maji, na kutafuta nahodha.

Maana kutoka hapa ndipo huanza sehemu iliyo bora, nayo haina barabara. Visiwa vya Wabajuni vimepangika kama shanga zilizokatika uzi, mbele ya bara, hata Ras Kiamboni. Akitoka kaskazini mtu hukuta Koyama, kisha Ngumi, kisha Chovai, kisha Chula, na baina yake visiwa vidogo vingi visivyokaliwa ila na ndege na wavuvi wa dago. Vingi ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba. Maji matamu ni machache. Watu hukinga mvua, na wakati wa kiangazi huyafuata bara kwa mashua. Mtu asiyefahamu huuliza, kwa nini basi watu wakakaa huko? Jibu lake ni kuwa bara hakukuwa na amani. Hasa katika karne ya 17 Wagala, ambao leo huitwa Waoromo, walishuka pwani, na watu wa miji ya bara wakavuka maji. Bahari iliyowanyima maji ya kunywa ndiyo iliyowapa usalama, na chakula, na biashara pia: magamba ya kasa yalikuwa bidhaa ya pwani hii tangu zama za Warumi. Wabajuni walikuwa na ufundi wa kumnasa kasa kwa samaki anyonyaye, ambaye hufungwa kamba mkiani akaachiwa aende akamgandame.

Mwenye kuweza kisiwa kimoja tu, achague baina ya Koyama na Chovai. Humo mna magofu ya misikiti na makaburi ya mawe, na katika baadhi ya makaburi ya pwani hii waashi walitia vyombo vya kaure kutoka China. Chula hakina sifa ya magofu kama hivyo viwili, lakini ndicho chenye watu, na msafiri wa namna nyingine, apendaye mashairi na ujenzi wa mashua kuliko kuta, atakichagua hicho. Mwanachuoni wa Kitaliana, Vinigi Grottanelli, aliwatembelea wavuvi hawa katika 1951 na 1952, akatoa kitabu katika 1955. Katika wageni wote walioandika, yeye ndiye aliyeuliza kazi za watu kabla ya kupima kuta zao.

Baada ya Chula, upande wa bara, ni Burikavo, ambayo ramani za Kiingereza ziliiita Port Dunford. Mahali hapa pana ugomvi. Wabajuni, na Wamijikenda wa Kenya pia, husema wazee wao walitoka Shungwaya, na watu wengi wameiweka Shungwaya hapa. Katika 1912 Mwingereza aitwaye Haywood alisema amepata hapa sarafu za kale sana, nyingine za wafalme wa Misri waliotangulia Warumi. Wengi walifurahi. Walakini Neville Chittick alipokwenda kukagua pwani hii katika 1968 hakukuta dalili ya mji wa zama hizo, bali magofu ya Waislamu wa karne za baadaye. Hukumu iliyo karibu na haki ni kuziacha sarafu na kuyashika magofu. Watu wa hapa hawahitaji Ptolemaios awe babu yao ili waitwe wenye asili.

Na asili hiyo imekuwa jambo zito kuliko ilivyodhaniwa. Tangu vita vya 1991 Wabajuni wengi waliporwa mashua zao wakafukuzwa visiwani; wengine walikaa miaka katika kambi karibu na Mombasa, na wengine walifika Ulaya kuomba hifadhi. Huko waliulizwa na maofisa: taja visiwa kwa mpango wake, kisima kiko upande gani, msikiti uko wapi, kisiwa kipi kina magofu. Aliyejibu vizuri alisadikiwa kuwa Mbajuni, na aliyekosa alihesabiwa mwongo, hata kama alitolewa Chula angali mtoto mgongoni. Hivyo elimu ya kujua Koyama iko mbele au nyuma ya Chovai, ambayo ilionekana ni mazungumzo ya barazani, imekuwa ndiyo hati ya mtu.

Kwa sababu hiyo hiyo uharibifu wa makaburi ni msiba wa pande mbili. Tangu 2008 makaburi ya masheikh kadhaa kusini mwa Somalia yalivunjwa na watu wenye silaha. Maulamaa wana maneno yao juu ya kujengea makaburi, na maneno hayo ni ya kale na ya heshima. Lakini kukataza kujenga jipya ni jambo moja, na kuvunja jiwe la miaka mia tano lenye jina na tarehe ni jambo jingine. Msafiri aendaye na achukue daftari, anukuu maandishi yote ayaonayo, na asibandue kaure wala kipande.

Wakati wa kwenda ni kaskazi, baina ya Disemba na Machi, maana kusi ikivuma mwanya baina ya visiwa hauingiliki kwa mashua ndogo. Khabari za usalama aziulize kwa nahodha na kwa wazee wa mahali, si kwa mtu mmoja, kwani njia za bara hazijawa za kutegemewa tangu vita vile. Mwisho wa safari ni Kiamboni. Mpaka uliowekwa 1925 hupita hapo, ukawaacha Wabajuni wa Chula na Koyama upande mmoja, na ndugu zao wa Kiunga, Ndau na Faza upande wa pili. Si mbali na mpaka, upande wa Kenya, ni magofu ya Ishakani, yenye makaburi ya nakshi ambayo mwashi wake, kwa kuyatazama, alijifunza kazi pamoja na yule wa visiwani. Mwenye siku moja zaidi na pasi iliyo sawa asiyaache.