Araki, Moshi, na Maji ya Kupoza

Wagogo tangu zamani hutengeneza ujimbi, pombe ya nafaka, nayo haihitaji bomba wala maji ya kupoza. Kukeneka ni kazi nyingine, na asili yake i mbali. Neno araki latoka katika Kiarabu, maana yake jasho. Nalo lafaa sana, kwa kuwa mvuke ukipoa hutoka matone kama jasho usoni. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 ilikiita kinywaji hiki Moshi, na watu wengi hukiita gongo. Sisi twaona Waarabu walitazama vema zaidi, maana mvuke si kinywaji bado, hata upoe.

Huko Ulaya, mwaka 1771, Mjerumani Weigel alieleza bomba lililo ndani ya bomba, maji yakipita kati yake. Liebig alikieneza chombo hicho, hata kikaitwa kwa jina lake. Maji huingia chini na kutokea juu, ili mvuke ukutane mwisho na maji yaliyo baridi kuliko yote.

Basi hapa Nkuhungu, penye kiangazi kirefu, shida ya kazi hii si moto, ni maji. Akenekaye nyumbani kwa siri hupitisha bomba katika pipa la maji yasiyokwenda. Yakipata moto, mvuke hutoroka, nao huwaka ukifika jikoni. Naye hana cha kuongeza ila maji ya kunywa ya nyumba yake. Tena bomba lililoungwa kwa risasi hutia sumu katika matone. Macho hayaioni, nayo hukaa mifupani mwa mnywaji miaka mingi.