Ekseli ya Mtambo wa Mawe

Hapa Buluo, upande wa Likasi, kupata chuma kikuukuu si shida. Kwa hiyo vijana wa parokia walipotuomba tuwasaidie kuunda mtambo mdogo wa kurusha mawe, mfano wa ile ya vita vya kale, hatukuhangaika sana na ekseli. Tuliokota bomba la maji, refu na la kupendeza macho, tukalipitisha katikati ya boriti. Siku ya kujaribu, sanduku la mawe liliposhuka, bomba lilikunjika na boriti ikaruka pembeni. Mtoto mmoja aliyesimama karibu aliponea chupuchupu. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, si la vijana. Ndipo tukarudi kwenye historia.

Mtambo huo Wafaransa huuita trebushe. Ni boriti ndefu iliyopachikwa juu ya miguu miwili. Mkono wake mfupi hubeba sanduku zito. Mkono mrefu hufungwa kombeo lenye jiwe, kama lile la Daudi. Sanduku likishuka, mkono mrefu hupanda kwa nguvu na kombeo hulitupa jiwe mbali. Baina ya mikono hiyo ndipo ilipo ekseli, nayo hubeba yote.

Katika karne ya 13 aliishi Mfaransa jina lake Villard de Honnecourt, aliyechora makanisa makubwa kama yale ya Reims na Laon. Katika daftari lake alichora pia msingi wa trebushe, akaandika vipimo vya sanduku: urefu futi 12, upana futi 9, kina futi 12, nalo lijazwe udongo. Udongo wa kadiri hiyo hupita tani 30. Fikirini basi, uzito wote huo juu ya ekseli moja! Lakini ukurasa wenye mchoro wa sehemu ya juu umepotea. Msingi twauona, ekseli hatuioni.

Mwaka 1304 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliizingira ngome ya Stirling, katika nchi ya Scotland. Mafundi seremala wapatao 50, na wasimamizi wao 5, walimtengenezea trebushe kubwa iliyoitwa Warwolf. Kazi ilichukua muda mrefu. Mwezi wa Julai watu wa ngomeni walitaka kujisalimisha, lakini mfalme alikataa mpaka kwanza aujaribu mtambo wake. Hivyo ndivyo ufundi mwema unavyoweza kutumikia moyo mgumu.

Tena mwaka 1521, huko Mexico, Cortés alipopungukiwa baruti, askari mmoja aliyejisifu kwamba alipigana vita vya Italia alisema ataunda trebushe. Walishughulika siku kadhaa. Jiwe la kwanza lilipanda wima, likaanguka palepale lilipotoka. Cortés akaamuru mtambo ubomolewe. Maneno yalikuwa mengi, ufundi haukuwapo.

Sisi nasi tulikuwa kama askari yule. Basi tumejifunza haya. Kwanza, ekseli haipimwi kwa uzito wa sanduku likiwa limetulia, kwa maana sanduku linaloshuka na kukatizwa ghafula hupiga kwa nguvu kuupita uzito wake. Pili, unene una faida kubwa: chuma kigumu cha duara kikiongezwa unene mara 2, nguvu yake ya kutopinda huwa mara 8. Bomba lililo wazi ndani haliwezi kushindana na chuma kizima cha unene uleule. Tatu, miguu isimame karibu na boriti, maana ekseli ikiachwa ndefu katikati hupinda upesi. Nne, boriti isitobolewe tundu kubwa likaidhoofisha. Heri ekseli ifungwe chini yake kwa mikanda ya chuma.

Safari hii tumechukua ekseli ya lori bovu, fupi, nene, yenye kutu. Haipendezi macho. Tumeifunga, tumeijaribu kwa uzito mdogo kwanza, kisha mkubwa, na watoto wote wakae mbali nyuma ya kamba. Haikupinda.

Kengele ya kanisa nayo huning'inia juu ya chuma cha namna hiyo. Waamini huisikia kengele, lakini ni nani anayeuliza habari za chuma kinachoibeba? Katika nyumba zetu pia wamo wanaobeba hivyo, kimya. Tusingoje wapinde ndipo tuwakumbuke.