Adriano Atiman, Mgeni wa Karema

Mara nyingi twasema: padri wa Ulaya alipaswa kuzoea vijiji vyetu, sisi tuliozaliwa Afrika hatuna la kuzoea. Habari za Adriano Atiman zatufundisha mengine.

Alizaliwa upande wa Timbuktu, penye mto Niger. Alitekwa angali mtoto, akauzwa utumwani. Mapadri Weupe wakamkomboa katika Aljeria, na Kardinali Lavigerie akamtuma Malta kusoma udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, kijiji cha wakulima na wavuvi, ngambo ya ziwa Tanganika, kuelekea Mpala yetu. Hakuwa padri, bali katekista na mganga. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kama yao, lakini pale hakuwa na ukoo wala shamba la baba yake. Alikuwa mgeni, sawasawa na Mapadri.

Basi alifanya nini? Alioa binti wa nchi ile, Agnes. Akafundisha dini, akaponya wagonjwa. Mwana wao Yosefu alipata upadri mwaka 1923. Adriano hakuhama tena: alikufa palepale mwaka 1956, baada ya miaka 67.

Ndugu waseminari, tukitumwa katika misioni ya mashamba, tusiseme: «Twaijua.» Tuingie kama wageni, tukae mpaka tuwe wenyeji.