Gombesa, Samaki Aliyedhaniwa Amekwisha

Kumtambua samaki si kazi ndogo. Mvuvi humtambua kwa umbo, kwa rangi na kwa mahali alipomtoa. Mtaalamu humtambua kwa mapezi, magamba, meno na mifupa. Leo twataka kusimulia habari za samaki mmoja wa vilindi vya Bahari ya Hindi, aliyewasumbua wenye elimu mara tatu. Wakomoro humwita gombesa. Wataalamu humwita silikanti.

Jina hilo la silikanti latoka katika Kiyunani, na maana yake ni mwiba wenye uwazi ndani. Mswisi Louis Agassiz ndiye aliyelitoa mwaka 1839, alipochunguza alama za samaki zilizobaki katika mawe ya kale. Baadaye alama nyingine nyingi zilipatikana. Lakini katika mawe yaliyofanyika baada ya dinosauri kutoweka, yapata miaka milioni 66 iliyopita, hazikuonekana. Basi wote wakakubali kwamba ukoo huo umekwisha kabisa.

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilitia nanga East London, mji wa bandari wa Afrika ya Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa nyumba ya makumbusho ya mji huo, alikuja kutazama waliovuliwa. Chini ya rundo aliona pezi la buluu. Akawaondoa wengine, akaona samaki mwenye urefu wa mita 1 na nusu, na uzito wa kilo 57 hivi. Mwenye teksi alisita kumpakia kwa sababu ya harufu. Mwenyekiti wa makumbusho akasema ni chewa tu. Ilikuwa majira ya joto, na hakuna aliyekubali kumweka samaki huyo mahali pa baridi. Lakini Bibi huyo hakukubali kumtupa.

Je, aliona nini? Tutazame mwili wenyewe. Magamba yake ni magumu na makwaruzo. Mkia una sehemu tatu, na ile ya katikati ni ndogo kama kishungi. Pezi la kwanza la mgongoni hufunguka kama kipepeo cha mkono. Lakini la pili, na yale ya kifuani na tumboni, yametoka juu ya vikonyo vinene vya nyama na mifupa, mfano wa mikono mifupi. Hakuna chewa mwenye mapezi ya namna hiyo.

Bibi aliandika barua kwa Bwana J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia wa Grahamstown aliyewapenda na kuwajua sana samaki, akachora na picha. Sikukuu zilichelewesha barua. Ilimfikia tarehe 3 Januari 1939. Papo hapo Smith akapeleka simu kwamba mifupa na matamvua vitunzwe. Ole! Samaki alikuwa amekwisha kuoza, fundi amemchuna ngozi, na vya ndani vimetupwa. Hata hivyo ngozi na fuvu vilitosha kumtambua. Smith akamwita Latimeria chalumnae: Latimeria kwa heshima ya Bibi, na chalumnae kwa mto Chalumna, ambao karibu na mlango wake samaki alivuliwa.

Lakini nani atajua moyo wake, ubongo wake na matumbo yake? Smith alieneza karatasi zenye picha, akiahidi paundi 100 kwa atakayempata wa pili. Miaka 14 ikapita. Usiku mmoja wa Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Nzwani, Komoro, alimvua mmoja kwa mshipi. Alikuwa karibu kukatwa auzwe, kumbe mtu mmoja aliyeiona ile karatasi akamkumbuka. Wakambeba kuvuka milima mpaka kwa nahodha Eric Hunt. Smith akaja kwa ndege ya jeshi. Wenyeji walistaajabu: gombesa walimjua tangu zamani, na nyama yake yenye mafuta mengi haikuwa na bei.

Hapo tena mtaalamu alipotea njia. Samaki huyo wa pili hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni. Smith akadhani ni wa jamii nyingine, akampa jina jipya, Malania. Wengine wa Komoro walipovuliwa, ikaonekana kwamba wote ni jamii moja na yule wa 1938. Yule mmoja alikuwa na kilema tu. Wafaransa Jacques Millot na Jean Anthony wakawapasua hao kwa uangalifu. Walikuta kwamba mahali pa uti wa mgongo pana bomba lenye mafuta. Kwamba fuvu lina kiungo katikati. Na kwamba ubongo haujazi hata sehemu 2 katika 100 za nafasi yake.

Mara ya tatu ilikuwa Indonesia. Mwaka 1997 silikanti alionekana sokoni Manado, na mwingine alivuliwa mwaka 1998. Umbo lake lilikuwa karibu sawa na la gombesa, ila rangi ni ya kahawia wala si buluu. Safari hii jicho halikutosha. Ilibidi kupima urithi ulio ndani ya chembe za mwili. Ndipo mwaka 1999 alipotangazwa kuwa jamii ya pili.

Tangu mwaka 2003 gombesa wamenaswa pia Tanzania, hasa Tanga, katika majarife ya papa yanayoshushwa kilindini. Kwa ajili yao serikali iliweka hifadhi ya bahari huko mwaka 2009. Samaki huyu hukua polepole mno, na huzaa watoto hai wachache. Akimalizwa, hatarudi upesi.

Kwa hiyo tujifunze. Samaki wa kwanza alikosa vya ndani, wa pili alikosa pezi, wa tatu alifanana mno na ndugu zake. Mtaalamu hakuweza peke yake: alihitaji macho ya Bibi, mshipi wa Ahamadi, na kumbukumbu ya yule aliyeishika ile picha moyoni. Sisi nasi tukikuta kitu kigeni wavuni au shambani, tusiharakishe kukitupa. Tukitunze kizima, tuwaulize wazee jina lake, kisha tumwite mwenye elimu.