Kabla ya Helb Kulikuwa na Boom

Ukimuuliza mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam pesa yake ya kujikimu inaitwaje, atakwambia boom. Ukimuuliza komredi wa Nairobi, Juja ama Njoro, atakwambia Helb. Kwetu neno boom limekufa, na waliolizoea sasa ni wastaafu. Lakini lilikuwa letu pia. Miaka ya sabini na themanini, boom ilikuwa pesa taslimu aliyopewa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kenya kwa ajili ya matumizi yake binafsi. Haikuwa pesa ya chakula. Mesini hukulipia sahani. Ulipanga foleni, ukapakuliwa, ukala, ukaenda zako.

Nimekuwa nikifuatilia historia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni udadisi tu. Ya pili ni kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu, na nilitaka kujua kama hesabu iliyonishinda iliwahi kumtosha mtu yeyote.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo kwa Wakenya waliokwenda kusoma vyuo vikuu nje ya Afrika Mashariki. Waliofaidika walikuwa wachache mno. Kwa wengine, karo ya chuo ilikuwa shughuli ya kijiji kizima: ng'ombe anauzwa, kanisa linachangisha, mzee fulani anatoa kipande cha shamba. Tom Mboya aliijua vizuri hesabu hiyo. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo na nauli, na Septemba ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na Wangari Maathai akawa kwenye kundi la 1960, akapelekwa chuo kidogo Kansas. Watu huisimulia safari hiyo kama hadithi ya vipaji. Mimi naiona kama harambee, labda kubwa kuliko zote tulizowahi kufanya kwa ajili ya karo.

Baada ya uhuru mfuko ule wa kikoloni uliwekwa kando. Taifa jipya lilihitaji watu wa kukalia viti vilivyoachwa na wazungu, kwa hiyo serikali ililipa kila kitu, ikitarajia kwamba ukimaliza utakuja kuifanyia kazi. Wanafunzi walikuwa wachache na kazi zilikuwa nyingi, kwa hiyo hesabu ilikubali. Ilipofika miaka ya sabini haikukubali tena. Hapo ndipo ulipoanzishwa mpango wa mikopo kwa Wakenya waliosoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam.

Ulikuwa mkopo. Hili nalisisitiza kwa sababu karibu hakuna aliyeamini. Ulisimamiwa na Wizara ya Elimu, haukuwa na sheria ya kumlazimisha mtu alipe, na wanafunzi pamoja na wazazi wao waliuchukulia kama zawadi kutoka kwa serikali. Nani angewalaumu? Ukipewa pesa na mtu asiyekufuata kuidai, kwa Kiswahili cha kawaida hiyo ni zawadi.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Aliingia chuo mwaka 1986, baada ya miezi kadhaa ya mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa kule Gilgil, kama ilivyokuwa lazima enzi hizo kwa kila aliyeitwa chuo kikuu. Mpango huo ulianza 1984, miaka miwili baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 lililofanya Chuo Kikuu cha Nairobi kifungwe kwa zaidi ya mwaka. Serikali ilitaka kuwanyoosha wasomi kabla hawajaanza kusoma. Mjomba anasema alinyooshwa, halafu akapewa boom, akapinda tena.

Nikimuuliza kuhusu boom husema, "Wewe mtoto wa dada, hamtaelewa." Kisha ananielezea. Boom ya kwanza alinunua suti na redio ya kaseti. Ya pili alimtumia nyanya pesa ya mabati. Nyumba ile ya nyanya, ambayo nililala kila Desemba nikiwa mtoto, iliezekwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi. Mimi nilipokuwa mwaka wa kwanza nilikuwa nikimpigia mama simu kuomba mia mbili.

Sitaki kuipamba sana enzi ile. Waliofika chuoni walikuwa tone kwenye bahari, na wasichana walikuwa wachache zaidi. Mtoto wa mkulima aliyekosa alama alilipa kodi iliyomnunulia mwenzake kaseti. Mtu akisema elimu ilikuwa ya bure, muulize ilikuwa ya bure kwa nani.

Kisu kilishuka kati ya 1988 na 1991. Ripoti ya Kamunge ilipendekeza gharama za elimu zigawanywe kati ya serikali na familia, na waraka wa bunge nambari 6 wa 1988 ukaifanya sera. Nyuma yake walikuwepo Benki ya Dunia na masharti ya marekebisho ya uchumi yaliyokuwa yakitembea Afrika nzima. Wakati huohuo vyuo vya umma, ambavyo vilikuwa vinne tu, vikapokea mafuriko. Watoto wa kwanza wa 8-4-4 walifanya KCSE 1989, na wakati wao wa kuingia chuo ukakutana na wa wale wa mwisho wa kidato cha sita. Chumba cha wawili kikawa cha wanne.

Kisha 1991 ikaja karo ya shilingi 6,000 kwa mwaka, boom ikaondolewa, na mesini ukawekwa mfumo ulioitwa Pay As You Eat. Makomredi waliufupisha kuwa PAYE, jina lilelile la kodi ya mshahara, na nadhani hakuna mzaha mchungu kuliko huo uliowahi kutungwa bwenini. Mwenye mshahara anakatwa akipata. Asiye na mshahara anakatwa akila. Wanafunzi waliandamana, vyuo vikafungwa, vikafunguliwa, na karo ikabaki palepale.

Naiona PAYE kama tukio kubwa kuliko karo yenyewe, ingawa haizungumzwi sana. Karo hulipwa mara moja ama mbili kwa mwaka, na mzazi anaweza kuitafuta. Chakula ni mara tatu kwa siku, na unakitafuta mwenyewe. Kabla ya 1991 mwanafunzi maskini na tajiri walikula ugali uleule. Baadaye ungeweza kumjua mtu kwa sahani yake, na ungeweza kumjua zaidi kwa kutoonekana kwake mesini.

Huko ndiko ulikotoka utamaduni wote tulioukuta sisi. Kupikia chumbani, jambo lililopigwa marufuku kwenye kila ubao wa matangazo, na kila mtu akalifanya. Koili ya kuchemshia maji, inayofichwa ndani ya buti siku ya ukaguzi. Chumba cha mtu mmoja kugeuzwa duka la mkate, sigara na kredo. Na mapaireti, yaani wale wasio na kitanda rasmi wanaolala kwa mwenye kitanda. Chumba cha wawili kina majina mawili mlangoni na viatu vya watu watano chini.

Mimi nilianza 2018. Mkopo wangu wa mwaka ulikuwa 40,000. Ikitolewa sehemu iliyokwenda chuoni moja kwa moja, nilibakiwa na 16,000 kwa muhula. Muhula ni miezi minne. Gawanya: shilingi 4,000 kwa mwezi, kama 133 kwa siku, kabla hujalipa chumba. Singo ya bei rahisi nje ya geti ilikuwa 3,500. Kwa hiyo tuliishi watatu kwenye singo moja, magodoro mawili, na mmoja wetu alijifunza kusoma usiku ili alale mchana wengine wakiwa darasani. Chapo dondo kibandani ilikuwa sitini. Tulipika wenyewe: dengu Jumatatu, ikarudiwa Jumanne, Jumatano ikaongezwa maji na jina likabadilika kuwa supu. Wiki ya Helb kuingia ulisikia harufu ya nyama plot nzima. Wiki ya kumi ulisikia kimya.

Ajabu ni kwamba karo yenyewe haikuwa imenifinya sana. Mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alikuwa akilipa 16,000 ya masomo kwa mwaka, na kiasi hicho kiliwekwa katikati ya miaka ya tisini kikaachwa hapo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Fikiria kitu kingine chochote Kenya kilichobaki na bei ileile tangu enzi za Moi. Siamini ilikuwa huruma. Vyuo vilikuwa vimepata pesa kwingine: kuanzia 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Module II, ambako mwanafunzi alilipa bei kamili, na vyuo vingine vikafuata. Waliolipa laki waliwabeba waliolipa elfu kumi na sita. Majengo yakapanda, matawi yakafunguliwa juu ya maduka makubwa mjini. Halafu KCSE ya 2016 ikasahihishwa bila mchezo, waliopata C+ kwenda juu wakashuka hadi chini ya 90,000, na serikali ikawachukua wote. Waliokuwa wakijaza Module II wakatoweka. Madeni yakabaki.

HELB nayo ilikuwa imeanzishwa kwa sheria mwaka 1995, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaambia watu kwamba ile zawadi ilikuwa mkopo. Ilipewa nguvu ya kumfuata mwajiri wako. Mjomba, wakati huo mwalimu wa sekondari mwenye watoto wawili, siku moja akakuta kwenye hati ya mshahara makato asiyoyatambua. Alikwenda kuuliza. Akaambiwa ni ile suti, ile redio, na mabati ya nyanya. Alilipa hadi shilingi ya mwisho, na mpaka leo husema ndiyo pesa pekee aliyolipa bila kinyongo, kwa sababu alikumbuka alichokula.

Kilichonitoa mimi kilikuwa Machi 2020. Vyuo vilifungwa kwa korona, kibanda cha mama cha mitumba kikafungwa nacho, na vilipofunguliwa tulikuwa watoto watatu wenye karo mbele ya mtu mmoja asiye na biashara. Nilirudi muhula mmoja. Wadogo zangu walikuwa sekondari, mmoja akiingia kidato cha nne. Tulikaa mezani, tukaandika namba kwenye karatasi, na namba zikasema nani abaki. Nilianza kuandikia watu makala za mtandaoni, senti kwa neno. Mkopo wangu bado uko, wenye riba ya asilimia nne kwa mwaka, na hauulizi kama nilivaa joho.

Mei 2023 Rais Ruto alitangaza mfumo mpya. Ile 16,000 ikafa. Kila kozi ikapewa bei yake halisi, na udaktari ukapita laki tano kwa mwaka. Bei hiyo ikagawanywa kati ya ufadhili, mkopo na familia kulingana na umaskini wako, na umaskini wako ukapimwa kwa fomu. Mwaka 2024 kulikuwa na bendi tano. Bendi ya kwanza, familia ililipa asilimia 5. Bendi ya tano, asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa, na wanafunzi wakaendelea kujaza fomu.

Wengi wamebishana kuhusu hizo asilimia, na wana haki. Macho yangu yalikwenda safu ya mwisho ya jedwali: pesa ya kujikimu. Bendi ya tano 40,000 kwa mwaka, bendi ya kwanza 60,000. Ni viwango visivyo mbali na tulivyopewa sisi. Karo iliruka mara nyingi, sahani ikabaki bei ya zamani kwenye karatasi.

Bintiye mjomba aliingia chuo 2024, bendi ya tatu. Kozi yake iliwekewa 240,000. Familia ililipa asilimia 20, yaani 48,000, ambazo mjomba alizitoa kwenye pensheni. Pesa yake ya kujikimu ni 50,000 kwa mihula miwili, 6,250 kwa mwezi. Singo karibu na chuo chake ni 5,000. Juzi alinipigia simu kuuliza dengu inaweza kukaa siku ngapi bila friji, nikamwambia siku mbili, tatu akiichemsha upya asubuhi na jioni. Akauliza kama bado nina ile koili.