Kabla ya simu kuhesabu kalori, kampani ilipima posho

Siku hizi vijana wengi wa Lubumbashi wanaweka kwenye simu programu za kuhesabu hatua na kalori za chakula. Wanaona ni jambo jipya. Lakini hapa Katanga chakula cha wazee wetu kilipimwa zamani, ila kalamu haikuwa mkononi mwao.

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo chakula kinaupa mwili. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa kemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alionyesha kwamba gramu moja ya wanga au ya protini inatoa kalori karibu 4, na ya mafuta karibu 9. Simu zinatumia hesabu hiyo mpaka leo.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na tanuru la shaba la Lubumbashi likawashwa mwaka 1911. Miaka ya kwanza magonjwa na chakula kibaya viliua wafanyakazi wengi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampani ikabadili siasa yake: mfanyakazi aje na mke, walee watoto kambini. Posho ikapimwa kwa kilo, mke na watoto nao wakapewa fungu. Watoto walipimwa uzito na kulishwa kantini. Lengo lilikuwa kazi itoke, na kesho wapatikane wafanyakazi wengine.

Wazee wengi wa kambi wanaikumbuka posho hiyo kwa hamu, na wana sababu. Hata hivyo haikuwazuia kudai haki. Mwezi wa Desemba 1941, bei zikiwa zimepanda kwa ajili ya vita, wafanyakazi waligoma wakitaka mshahara uongezwe. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi kwenye kiwanja cha mpira hapa mjini. Léonard Mpoyo, kiongozi wao, aliuawa. Kampani ilijua gramu za bunga, lakini bei ya soko haikutaka kuisikia.

Mwaka 1967 serikali ilitwaa kampani, ikaja kuwa Gécamines. Ilipoanguka, posho nayo ikaisha. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari.

Ninyi mliohama vijiji vyenu kwa ajili ya vita, mmehesabiwa pia. Kipimo cha mashirika ya msaada ni kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kilo moja ya bunga ya mahindi ina karibu 3,600. Basi familia ya watu 6 inahitaji 12,600 kila siku, sawa na kilo 3 na nusu za bunga kama hakuna maharage wala mafuta. Fungu likipunguzwa, mama anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe na kuuliza mbele ya wagawaji.

Kwa mwenye ugonjwa wa sukari au uzito uliozidi, programu ya simu inaweza kusaidia. Lakini zile hatua 10,000 zilitoka kwenye kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965. Hazikutoka kwa daktari. Mama anayetoka shamba na kuni kichwani haitaji simu imwambie atembee. Anachohitaji kuhesabu ni kile kilicho ndani ya sufuria.