Damu ya Pwani Mbele ya Kamera

Mwaka 2011 taasisi ya Howard Hughes ya Marekani ilitoa filamu fupi ya kufundishia biolojia. Ina dakika 14 hivi, na msimulizi wa kisa chake ni Anthony Allison, daktari mzungu aliyekulia Kenya, akieleza alivyogundua kwa nini selimundu imeshamiri pale palipo na malaria. Ni filamu nzuri. Ila inamhusu zaidi aliyeitafuta damu kuliko waliotoa damu yenyewe.

Kisa chake kinaanza 1949. Allison, akisoma Oxford, alijiunga na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya. Wenzake walitafuta mimea na wadudu. Yeye alizunguka makabila akikusanya damu. Kipimo cha siku zile kilikuwa rahisi: tone la damu linachanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, linafunikwa kwa kioo chembamba, linasubiriwa, kisha jicho linarudi kwenye hadubini. Chembe nyekundu zenye kasoro hujikunja mithili ya mundu. Nyingine hubaki mviringo.

Majibu yalimshangaza. Nyanda za juu, hata mtu mmoja kati ya mia hakupatikana na dalili hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria walizidi asilimia 20.

Mkazi wa Kulesa au wa Garsen, kwenye delta ya Mto Tana, hahitaji kuelezwa sana tofauti ya Pwani na milimani. Tana hufurika, maji yakirudi huacha madimbwi mashambani na kwenye mikono mikongwe ya mto, na mbu huzaliana humo. Allison aliwaza hivi: anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu haugui, na huenda malaria ikamwogopa. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Wazazi wawili walio wabebaji wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo moja kuleta mtoto mgonjwa, na robo hiyo haijali kama aliyetangulia alizaliwa mzima.

Mwaka 1953 alikwenda Uganda kupima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 wenye jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Halafu akafanya jambo ambalo leo halifanyiki bila kibali cha kamati ya maadili: wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria makusudi. Kati ya 15 wenye jeni, wawili tu walionekana na vimelea. Kati ya 15 wengine, 14. Makala yake ilichapishwa 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza, na jina lake likaingia vitabuni. Wale 30 walibaki kuwa hesabu.

Si kila filamu ya magonjwa ya kurithi hutazama kutoka upande wa mtafiti. Mwaka 2012 Harry Freeland alitoa In the Shadow of the Sun, kuhusu watu wenye ualbino Tanzania. Alirekodi kwa takriban miaka sita, akimfuata mwanaharakati Josephat Torner akienda kuzungumza na wanavijiji katika maeneo yenye mauaji ya watu wenye ualbino, na kijana Vedastus wa kisiwani Ukerewe aliyekuwa akiililia shule. Kwa aina nyingi za ualbino urithi ni uleule: jeni kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Lakini ualbino huonekana tangu picha ya kwanza. Selimundu ni maumivu ya mifupani, na siku mgonjwa asipoumwa uso wake ni wa mtu yeyote. Pengine ndiyo maana watengeneza filamu huona wepesi kumtafuta daktari.

Sehemu kubwa ya kisa cha selimundu iliendelea hapahapa Pwani baada ya Allison. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilianzishwa Kilifi 1989, na mwaka 2005 watafiti wake walionyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja amekingwa dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kilifi ilikuwa pia miongoni mwa vituo vinne vya utafiti wa REACH, pamoja na Mbale, Kinshasa na Luanda. Watoto 606 wenye selimundu walipewa dawa ya haidroksiyurea, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalikuwa ya kutia moyo: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo pia.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za jeni za selimundu, moja kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, nyingine milioni 3.1. Kwa familia ya delta hizo ni habari za redioni. Kilicho karibu nao ni kidonge cha haidroksiyurea, na kidonge hicho hudai damu ipimwe mara kwa mara, kwa hiyo kinadai barabara. Kutoka Garsen hadi Kilifi, kupitia Malindi, ni zaidi ya kilomita 150. Mwezi mmoja tu kabla ya idhini hiyo ya Marekani, mvua za El Niño zilikuwa zimefurisha Tana, na barabara ya delta yenyewe, ya Garsen–Lamu, ikakatika Lango la Simba.